Mwenye kusikiliza aache alama

Ndugu na dada, vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Butembo, Bunia, Kisangani, Kalemie, Lubumbashi, na ninyi wote muliotawanyika mbali na nyumbani,

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu munalijua tayari. Mwenzetu mmoja alikuwa anarudi nyumbani na moto, jua linataka kuzama. Kwenye bariere wakamushusha. Hawakuuliza karti ya uchaguzi, hawakuuliza anatoka wapi. Walisema neno moja tu: "Fungua." Walikuwa wanataka telefoni. Alikataa, wakamupiga. Akafungua. Wakaingia moja kwa moja kwenye WhatsApp, wakatafuta grupe yetu, wakapiga picha namba zote, moja kisha ingine. Usiku ule ule, milango ya nyumba tatu iligongwa.

Hatutasema ni wapi, wala ni akina nani, juu familia zile zinaishi bado pale pale.

Kila mara tukiongea juu ya mambo kama haya, kuna mutu atajibu: "Kama hauna kitu ya kuficha, unaogopa nini?" Tunasikia hiyo kwa wakubwa, kwa watu wa usalama, mara ingine hata kwa wazazi wetu wenye kutupenda. Leo tunaijibu hadi mwisho, na tunaijibu kwa fizikia. Ndiyo, fizikia. Kuna kazi inayoendelea duniani, tena imeshafika hapa Afrika, ambayo inaonyesha wazi kwamba hao wanaotuambia siri ni ya watu wabaya, wao wenyewe wanatafuta siri kali kuliko zote: siri inayolindwa na sheria za mwanga.

Inaitwa mawasiliano ya kwantiki. Ndugu wa Tanzania na Kenya wanaandika kwantamu. Ni kitu kile kile.

Mwanga unaojua kama umeguswa

Tuseme dada iko Goma na kaka iko Bukavu. Wanataka kuandikiana bila mutu wa tatu kusoma. Wanahitaji ufunguo, yaani mustari mrefu wa 0 na 1 ambao wao wawili tu wanaujua. Shida ni ya zamani: ufunguo wenyewe utaupeleka namna gani? Ukimupa motari bahasha, anaweza kuifungua na muvuke, akasoma, akaifunga tena vizuri. Hautajua. Ukiupitisha kwenye waya wa kawaida, mwenye waya anaweza kunakili kila kitu na wewe hauone kitu.

Mwaka 1984, Charles Bennett wa Marekani na Gilles Brassard wa Kanada walileta jibu kwenye mukutano wa wataalamu kule Bangalore, India. Walisema: tutume ufunguo kwa punje za mwanga, moja moja. Punje ile inaitwa fotoni. Unaweza kuituma imesimama ao imelala. Ao unaweza kuituma imeinama kuume ao kushoto. Dada anachagua kwa bahati kila mara, kama mutu anayetupa sarafu juu. Kaka naye, bila kujua dada amechagua nini, anachagua kipimo chake: kipimo cha kusimama-na-kulala, ao kipimo cha kuinama. Kisha wanapigiana simu ya kawaida, hata watu wote wakisikia, wanaambiana tu ni kipimo gani kila mmoja alitumia. Pale walipotofautiana, wanatupa. Karibu nusu inabaki, na hiyo nusu ndiyo ufunguo.

Sasa aingie musikilizaji katikati. Ili ajue fotoni inabeba nini, ni lazima aipime. Lakini hajui kipimo gani ndicho. Akikosea, ameigeuza ile fotoni, na hawezi kuirudisha vile ilikuwa. Kuinakili nako haiwezekani: mwaka 1982 wanafizikia walithibitisha kwa hesabu kwamba hali ya kwantiki usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Kwa hiyo akisikiliza fotoni zote, karibu robo ya ufunguo wa kaka itakuwa na makosa. Dada na kaka wanalinganisha kipande kidogo cha ufunguo wao, wanaona makosa ni mengi, wanautupa wote, mbele ya kuandika hata neno moja la siri.

Angalieni vizuri hapo. Fizikia haimukatazi mutu kusikiliza. Inamukatalia kusikiliza bila kuacha alama. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Nani anatafuta siri hii?

Mashine ya kwanza, mwaka 1989, ilipitisha mwanga kwenye meza, umbali wa sentimita 30 hivi. Watu wangeweza kuicheka. Hawakucheka muda mrefu.

Oktoba 2007, jimbo la Geneva, Uswisi, lilitumia ufunguo wa kwantiki kulinda waya kati ya mahali pa kuhesabia kura na kituo cha kompyuta cha serikali. Mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, ilitumika Durban, Afrika Kusini, kulinda mawasiliano kati ya uwanja wa Moses Mabhida na kituo cha usalama. Agosti 2016 China ilirusha satelaiti Micius. Septemba 2017 wakubwa wa akademia za sayansi za Beijing na Vienna waliongea kwa video, mazungumzo yao yamefungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye satelaiti ile. Mwaka ule ule China ilifungua laini ya kwantiki ya kilomita 2 000 kati ya Beijing na Shanghai. Na Machi 2025 wataalamu wa China na wa Afrika Kusini walitangaza kwamba satelaiti ndogo iliunganisha Beijing na Stellenbosch, umbali wa kilomita 12 900.

Haya, tuulize. Serikali, mabenki, majeshi: wana kitu gani ya kuficha? Juu ya nini hakuna mutu anawasimamisha kwenye bariere na kuwaambia "Fungua"? Siri ya benki inaitwa usalama. Siri ya waziri inaitwa heshima ya inchi. Siri ya kijana wa Majengo ao wa Kadutu inaitwa kosa. Tofauti iko wapi, kama haiko kwenye nguvu?

Na wao wanajua juu ya nini wanakimbia. Mwaka 1994 Peter Shor, wa Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantiki, siku itakuwa na nguvu ya kutosha, itavunja zile kufuli za hesabu ambazo mutandao wote unazitumia tangu miaka mingi. Kompyuta ile bado haijafika kwenye nguvu hiyo. Lakini mwizi mwenye subira haingojei. Anakusanya leo ujumbe uliofungwa, anauweka kwenye ghala, anangojea siku ya kuufungua. Serikali zinaogopa ghala hiyo, ndiyo maana zinatoa feza.

Sisi nasi tuko na sababu ya kuiogopa, tena kuwashinda. Fikirini shahidi wa mauaji, aliyetoa jina la muuaji akiwa na miaka 20. Akiwa na miaka 40, muuaji anaweza kuwa jenerali, mubunge, ao jirani. Mama aliyesimulia vile alibakwa, munganga aliyeandika idadi ya majeruhi, muchimbaji aliyesema mawe yanapita kwa nani: siri zao hazina tarehe ya kuisha. Inchi ambayo vita vyake vinazidi miaka 25 ndiyo ingepaswa kuongoza katika kulinda mashahidi. Na sisi ndio wa mwisho kwenye mustari.

Lakini tusidanganywe na wauzaji

Tunajua namna mambo yanakuja kwetu. Siku moja mutu mwenye suti atashuka kwenye ndege na kuwaambia wakubwa: "Nunueni kwantiki, data yenu yote itakuwa salama." Mukataba utatiwa sahihi, picha zitapigwa, deni litakuwa la watoto wetu. Kwa hiyo tuseme sasa hivi kile mashine ile haiwezi.

Ya kwanza, haifiki mbali. Kwenye fibre ya kawaida, kila kilomita 100, umbali karibu na ule wa Goma hadi Bukavu juu ya ziwa, fotoni 100 zikitumwa inafika 1. Kilomita 200, inafika 1 katika 10 000. Kilomita 500, inafika 1 katika bilioni 10. Kati ya Goma na Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1 500. Na haiwezekani kuongeza nguvu njiani vile wanafanya na mwanga wa intaneti ya kawaida, juu kuongeza ni kunakili, na kunakili kumekatazwa.

Ya pili, kwa sababu hiyo wanaweka vituo katikati. Laini ya Beijing na Shanghai ina vituo 32. Ndani ya kila kituo ufunguo unafunguliwa na kufungwa tena. Mwenye kituo anaweza kuuona. Yaani katikati ya fizikia yote ile kunabaki swali la zamani la kwetu: mulinzi ni nani, na anamulipa nani? Hata mazungumzo ya Beijing na Vienna yalitegemea kuiamini satelaiti. Mwaka 2020 walijaribu njia isiyohitaji kuiamini, kwa kilomita 1 120. Ilifaulu, lakini ufunguo ulitoka pole pole sana: herufi 0,12 za 0 na 1 kwa sekunde. Ujumbe mufupi wa SMS ungengojea zaidi ya saa mbili.

Ya tatu, fizikia ni safi, mashine haiko safi. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha kwamba unaweza kupofusha kipokezi kwa mwanga mukali na kuiba ufunguo bila kuonekana, kwenye mashine zilizokuwa zinauzwa sokoni.

Ya ine, mutu akitaka tu kuharibu, hahitaji kusikiliza. Anakata waya. Mashine ya kwantiki itaona kuna shida, itakataa kutoa ufunguo, basi. Kwa yule anayekata intaneti ya inchi nzima, kwantiki haina jibu.

Ya tano ndiyo inatuuma zaidi. Ufunguo wa kwantiki unalinda njia. Haulindi mwisho wa njia. Ujumbe wa mwenzetu ulikuwa umefungwa vizuri njiani. WhatsApp inafunga tangu 2016. Haukusomwa angani. Ulisomwa mukononi mwake, kwa kofi. Hata satelaiti yote ya dunia isingezuia kofi lile.

Hatusemi hivi sisi peke yetu. Januari 2024 idara za usalama wa mitandao za Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Sweden ziliandika pamoja kwamba kwa sasa njia hii inafaa mahali padogo tu, na kwamba kazi ya haraka ni kubadilisha kufuli za hesabu. Idara ya Marekani inayosikiliza dunia nzima, NSA, nayo haishauri kuitumia kulinda siri za taifa lake hadi mapungufu hayo yatatuliwe. Kama wao wenye feza wanasema pole pole, sisi tusinunuliwe ndoto.

Geneva na kwetu

Turudi Geneva 2007. Kuna watu wanasema ilikuwa matangazo tu. Pengine. Lakini serikali ya jimbo moja iliona kura ya mwananchi ni kitu ya kulinda hata njiani, kati ya nyumba mbili za muji mumoja.

Sasa tukumbuke ya kwetu. Desemba 2011, kisha ya uchaguzi, SMS zilikatwa inchi nzima. Januari 2015, vijana wakiwa barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Desemba 2017, siku ya maandamano, ikakatwa tena. Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura. Tarehe 31 intaneti ilikufa, na haikurudi hadi tarehe 19 Januari 2019. Siku karibu 20. Ndani ya siku zile matokeo yalitangazwa, na maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji karibu 40 000, walisema hayalingani na kile watu wao walikusanya. Ungetaka kulinganisha PV ya kartiye yako na ya wenzako, ungefanya namna gani? Kwa chukudu?

Angalieni vile mambo yamegeuzwa. Yale ya watu wote, yaani matokeo kituo kwa kituo, mikataba ya migodi, bajeti, yanafungwa. Yale ya mutu mumoja, yaani ujumbe wake, picha zake, namba za marafiki wake, yanafunguliwa kwa kofi. Ya wote yafunguliwe, ya mutu yafungwe. Hiyo ndiyo inchi ya kawaida. Ya kwetu imevaa shati ndani nje.

Na si kwamba sheria hakuna. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mutu haki ya maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake, na inasema haki hiyo haiguswi ila pale sheria imepanga. Tangu Machi 2023 tuko na Kode ya mambo ya dijitali. Karatasi iko. Kile hakiko ni alama. Mutu anasikiliza simu yako, hakuna mahali imeandikwa. Wanafungua telefoni yako barabarani, hakuna PV. Wanakata intaneti, hakuna mukubwa mwenye sahihi yake chini ya amri tunayoweza kuisoma.

Hapa ndipo tunarudilia neno la fizikia. Fotoni imewaonyesha wakubwa wa dunia kwamba inawezekana kuwa na njia ambayo hakuna anayesikiliza bila kuacha alama. Sisi hatuna satelaiti. Lakini alama inaweza kuwekwa na sheria, kwa bei ya daftari na kalamu ya jaji.

Kile tunadai

1. Mutu yeyote wa serikali asisikilize ao kufungua simu ya mwananchi bila karatasi ya jaji, yenye jina, tarehe na sababu. Karatasi ile ihifadhiwe, na mwenye simu aambiwe kisha ya muda uliowekwa. Asiyeiandika, ameiba, na ahukumiwe kama mwizi.

2. Kufungua telefoni kwenye bariere kuachwe mara moja, mahali pote, na kila mwenye silaha. Mwenye kushika muji kwa nguvu naye hana haki juu ya simu ya mutu.

3. Intaneti isikatwe wakati wa uchaguzi wala wa maandamano. Anayetoa amri aweke sahihi yake hadharani, na makampuni ya simu yachapishe amri yalizopokea.

4. PV za kila kituo cha kura zibandikwe pale pale na ziwekwe kwenye mutandao, zote, mbele ya kutangaza mushindi. Kura ikionekana na watu wote, haihitaji satelaiti ya kuilinda.

5. Serikali isinunue mashine ya "usalama wa kwantiki" kabla ya kuonyesha bunge na wananchi bei, muuzaji, na ni waya gani inalinda. Feza ile ianze kwanza kubadilisha kufuli za kawaida za benki kuu, za hospitali na za masijala ya mashahidi. Kanuni za hesabu zinazotazamiwa kustahimili kompyuta ya kwantiki zilichapishwa Marekani tarehe 13 Agosti 2024. Ni bure, kila mutu anaweza kuzisoma.

6. Vyuo vikuu vyetu vipewe maabara ya mwanga. Durban ilianza na chuo kikuu, na Stellenbosch pia ni chuo kikuu. Mutoto wa Kongo mwenye kipaji cha fizikia asimalizie kipaji chake kwenye kuuza mega.

Na sisi wenyewe, leo jioni

Tusingojee bunge ndipo tufunge mulango. Signal iliongeza tangu Septemba 2023 kufuli ya hesabu iliyotengenezwa kustahimili kompyuta ya kwantiki. Ukiisasisha tu, unayo. Weka namba ndefu ya siri, uache kidole na uso, juu kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu. Weka ujumbe wa kujifuta. Grupe ya watu 200 haiko siri, ni soko, igaweni. Majina ya mashahidi yasikae kwenye telefoni inayopanda moto. Na mwenzetu akikamatwa, wa kwanza kujua awatoe wote kwenye grupe mbele hata ya kulia.

Mwenzetu wa bariere alituomba musamaha. Tulimujibu kwamba hana deni kwetu. Aliyepigwa hakutusaliti. Wanaotudai maelezo ni familia tatu, na tunaotaka maelezo kwao ni wale walioingia usiku bila karatasi, bila jina, bila alama.

Kwa hiyo mutu akikuuliza tena "unaficha nini?", mujibu hivi: ninaficha kile Katiba imeniruhusu kuficha. Na wewe unayetaka kuona, weka jina lako hapa chini.

Kushirikisha maandishi haya ni bure. Muyasome na wazazi wenu, hasa wale wanaosema hawana kitu ya kuficha.